Mguu wa baba umevimba baada ya kupulizia nyanya: tuanze na kipimo kipi?

"Shikamoo daktari," ameandika binti mmoja anayefanya kazi Usa River. Baba yake ana miaka 58 na analima nyanya Ngarenanyuki. Wiki mbili zilizopita alipulizia dawa kutwa nzima, bomba mgongoni, upepo ukimrudishia usoni. Jioni akaanza kutokwa jasho na udenda, macho yakaona ukungu, akatapika na kuharisha usiku kucha. Wakamnywesha maziwa. Hospitali hakupelekwa. Alilala kitandani siku tano, akila kidogo na kunywa maji kidogo, kisha akapata nafuu. Juzi mguu wake wa kushoto umevimba kuanzia goti kushuka, unauma kwenye shavu la mguu, na ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Binti ameupima kwa futi ya fundi cherehani na kukuta umeuzidi mwenzake kwa sentimita 4. Kijijini wanasema sumu imeshukia mguuni. Tabibu wa zahanati ameandika altrasaundi ya mishipa ya mguu. Muuza duka la dawa anashauri kipimo cha damu kiitwacho D-dima. Mjomba anataka apimwe "sumu yote mwilini," ikibidi wafike hadi kwa Mkemia Mkuu. "Pesa tuliyonayo inatosha kipimo kimoja na nauli. Tuanze na kipi?"

Marahaba, binti yangu. Anzeni na altrasaundi, na iwe leo. Ikishindikana leo, basi kesho alfajiri apande gari la kwanza linaloteremka Usa River. Na kama wakati unasoma haya anahema kwa shida, kifua kinamchoma akivuta pumzi, anakohoa damu au amezimia, achaneni kabisa na habari ya kipimo kipi. Hiyo ni dharura, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Sasa nikueleze kwa nini, maana najua mjomba atakuuliza, na ni haki yake kuuliza.

Baba yako ana mambo mawili, na kijijini wameyafunga kuwa moja. La kwanza lilitokea wiki mbili zilizopita, nalo kwa maelezo yako lilikuwa sumu kweli. La pili limeanza juzi, nalo linafanana sana na damu iliyoganda ndani ya vena kubwa ya mguu, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Jambo la kwanza huenda limefungua mlango wa la pili, ila si kwa njia wanayoidhani. Sumu haikuteremka na kutuama mguuni kama maji kwenye mtaro. Mzee alitapika, akaharisha, akatoka jasho, mwili ukapungukiwa maji. Kisha akalala siku tano bila kutembea. Damu ya miguuni hairudi juu kwa nguvu ya moyo peke yake. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoikamua kila unapopiga hatua. Mtu akilala siku nyingi, mkamuo huo unakoma na damu inatulia kwenye vena. Mjerumani Rudolf Virchow alieleza katikati ya karne ya 19, na hadi leo tunafundisha hivyo, kwamba donge la damu huundwa damu inapotembea polepole, inapokuwa rahisi kuganda, au ukuta wa mshipa unapojeruhiwa. Baba yako alikuwa na la kwanza wazi, na upungufu wa maji unaweza kuwa ulimwongezea la pili.

Kabla ya mashine yoyote kuwashwa, kuna kipimo kisicho na gharama, na wewe umeshakifanya nusu bila kujua. Daktari wa Kanada, Philip Wells, na wenzake walitengeneza miaka ya 1990 orodha ya alama za kukadiria uwezekano wa donge mguuni. Mgonjwa aliyelala kitandani siku tatu au zaidi hivi karibuni anapata alama moja. Shavu la mguu likizidi lenzake kwa zaidi ya sentimita 3, moja. Maumivu ukibonyeza kufuata njia ya vena za ndani, moja. Uvimbe unaoacha shimo kwenye mguu huo mmoja tu, moja. Zipo nyingine, za saratani, kupooza, mguu mzima kuvimba na donge la zamani, lakini hizo hukuzitaja. Hadi hapo mzee ana alama 4, na kuanzia 2 tunasema donge linawezekana sana. Kinachopunguza alama ni kimoja: kama kuna maelezo mengine yenye uzito uleule, mathalani maambukizi ya ngozi yenye wekundu na joto, unatoa 2. Hata ukizitoa, anabaki na 2. Rudia kupima, lakini upime mahali palepale pa miguu yote miwili: tafuta kifupa kinachochomoza chini ya goti, shuka sentimita 10, zungusha futi hapo. Ukipima juu huku na chini kule, namba itakudanganya.

Kwa hesabu hiyo utaona kwa nini sikubaliani na jamaa wa duka la dawa, ingawa hakutaja kitu cha ovyo. D-dima ni vipande vinavyobaki mwili unapovunjavunja nyuzi za donge, zile tunazoziita fibrini. Kazi yake kubwa ni kuondoa shaka. Mtu mwenye alama 0 au 1, D-dima yake ikiwa chini, unaweza kumwambia arudi nyumbani kwa amani bila altrasaundi. Lakini ikiwa juu haithibitishi chochote, maana hupanda kwa maambukizi, ujauzito, saratani, upasuaji, jeraha na hata umri. Kwa waliozidi miaka 50 kiwango chenyewe husogezwa: unazidisha umri kwa 10, kwa hiyo baba yako mpaka wake ungekuwa 580 badala ya 500, kwa kipimo cha nanogramu kwa mililita kinachotumika kwenye maabara nyingi. Sasa fikiria. Ikiwa juu, mtaambiwa nendeni altrasaundi. Ikiwa chini, kwa mtu mwenye alama 4 sitathubutu kuiamini peke yake, nitasema nendeni altrasaundi. Majibu yote mawili yanakupeleka palepale, na pesa imekwisha. Kipimo ambacho majibu yake hayabadilishi hatua yako inayofuata si cha kununua kwa pesa ya mwisho.

Altrasaundi yenyewe ni kitu cha kupendeza kwa urahisi wake. Mtaalamu anapaka jeli, anaweka kichwa cha mashine kwenye kinena, anaona duara mbili zimekaa jirani: ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena. Kisha anabonyeza. Vena yenye damu inayotembea ina ukuta laini, inalala bapa kama mpira mtupu wa baiskeli. Ateri haikubali kulala, inaendelea kudunda. Vena yenye donge nayo haikubali kulala, lakini haidundi. Basi. Anashuka hivyo akibonyeza kila baada ya sentimita chache hadi nyuma ya goti, na akiwa na muda anaendelea hadi shavu la mguu. Rangi nyekundu na buluu utakazoziona kwenye kioo ni Dopla, zinaonyesha damu inaelekea wapi na kwa kasi gani. Kanuni yake ilitolewa mwaka 1842 na Christian Doppler wa Austria, aliyekuwa akiwaza nyota, si miguu. Rangi zinasaidia, lakini ule ubonyezaji ndio moyo wa kipimo. Kwa hiyo hakikisha karatasi imeandikwa wazi kuwa ni altrasaundi ya vena za mguu, yenye kubonyeza, kuanzia kinena hadi chini ya goti. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyekuja na picha nzuri ya ini, figo na kibofu, kwa kuwa karatasi iliandikwa "altrasaundi" tu na mpimaji akapima tumbo.

Altrasaundi ikikuta donge juu ya goti, kazi imeisha, matibabu yanaanza siku hiyohiyo. Isipokuta kitu, msirudi nyumbani mkifurahi moja kwa moja. Donge dogo la shavu la mguu linaweza kukwepa jicho leo na kupanda juu siku chache zijazo, hivyo kwa mtu mwenye alama kama za mzee tunarudia baada ya wiki moja. Hapo ndipo D-dima ingepata nafasi ya kufanya kazi: ikiwa chini pamoja na altrasaundi safi, hakuna haja ya kurudia. Muulize daktari hivyo, atakuelewa. Na kama foleni ya altrasaundi ni ya kesho au keshokutwa, muulize pia kama anaona vyema kuanza sindano ya kuzuia damu kuganda huku mkisubiri. Wengi wetu tunafanya hivyo mgonjwa asipokuwa na hatari ya kutoka damu.

Nasisitiza haraka hii kwa sababu ya kijana mmoja ambaye sijamsahau. Alikuwa mpulizia maua. Mguu wake ulivimba, akatibiwa sehemu nyingine siku tisa kwa antibayotiki na kuchuliwa mafuta kila jioni, kwa maelezo hayahaya ya sumu kushuka. Siku ya kumi kipande cha donge kilikatika, kikapanda hadi kwenye mapafu. Alifika akiwa hawezi kumaliza sentensi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini kwa uchache sana. Kwa hiyo mguu wa baba usichuliwe. Usikandwe kwa maji ya moto, usifungwe kamba, usichanjwe "sumu itoke."

Sasa turudi kwa mjomba, maana hoja yake ina uzito kuliko anavyojua mwenyewe.

Dalili ulizoeleza za usiku ule, jasho, udenda, ukungu machoni, kutapika na kuhara kwa pamoja, ni picha ya dawa za kundi la oganofosfeti au ndugu zao kabameti. Kwenye nyanya zimekuwa zikitumika sana, profenofosi na klopirifosi zikiwa miongoni mwake. Tangu kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya, aingie Arumeru mwaka 2014 wakulima wamekuwa wakipulizia mara nyingi zaidi na kuchanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja. Mishipa ya fahamu inazungumza na misuli na tezi kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi kinaifuta mara tu ujumbe unapofika. Dawa hizi zinakifunga kimeng'enya. Ujumbe haufutiki, tezi zinaendelea kumwaga, utumbo unaendelea kusukuma, mboni za macho zinabana kuwa ndogo kama ncha ya pini, mapafu yanajaa maji. Hii ndiyo inayoua.

Utambuzi wa hali hiyo unafanywa kwa macho, pua na masikio, siyo maabara. Mboni ndogo, jasho, udenda, mapigo ya moyo ya polepole, misuli inayochezacheza chini ya ngozi, harufu ya dawa kwenye nguo. Daktari akiona hayo anatoa atropini, dawa inayopinga sumu hii, bila kusubiri karatasi yoyote. Tena atropini yenyewe ni kipimo: mtu mzima asiye na sumu akipewa miligramu 1, moyo utamwenda mbio, kinywa kitakauka, mboni zitatanuka, aliyejaa sumu hatikisiki, anahitaji nyingi mno. Maziwa hayaifuti sumu hii, na kumnywesha mtu anayetapika kunaweza kumpalia hadi mapafuni. Safari nyingine, Mungu aepushe, mvueni nguo zote, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, ninyi mkiwa mmevaa glovu, na mpelekeni.

Je, leo, wiki mbili baadaye, kuna maabara inayoweza kuona sumu ile? Yenyewe kama yenyewe, karibu hapana. Mabaki ya dawa hizi hutoka kwa mkojo, na kwa mtu aliyepuliziwa siku moja sehemu kubwa huwa imekwisha ndani ya siku chache. Mashine za kisasa zinazotenganisha kemikali na kuzipima uzito zingeyaona siku ya kwanza hadi ya tatu, si sasa. Zile kaseti za mkojo za "kupima sumu" zinazouzwa zimetengenezwa kutafuta bangi, heroini na mfano wa hivyo; dawa ya nyanya hazioni hata mtu angeinywa. Na hakuna mahali popote duniani penye kipimo kimoja cha "sumu yote mwilini." Hata kwa Mkemia Mkuu, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha, swali la kwanza litakuwa: tutafute nini? Kila kemikali ina njia yake ya kutafutwa. Ndiyo maana chupa tupu ina thamani kuliko mirija mitano ya damu. Ichukueni ikiwa bado ipo, ifungeni kwenye mifuko miwili, au piga picha lebo yote: jina, kiambato, namba ya usajili, na rangi ya mkanda wa chini, kwa kuwa nyekundu ni hatari zaidi na kijani ni nafuu. Kiambato kikigeuka kuwa pairethroidi au mankozebu peke yake, hadithi nzima ya kolinesterasi inabadilika, kwani hizo hazikifungi kimeng'enya hicho.

Kinachoweza kuonekana bado ni nyayo za sumu, yaani kimeng'enya chenyewe kimeshuka kiasi gani. Wingi wa maabara hupima kwa njia iliyotolewa na George Ellman mwaka 1961: kimeng'enya kinapofanya kazi, kimiminika kinageuka njano, na mashine inasoma unjano huo. Lakini kuna kolinesterasi mbili. Iliyo kwenye majimaji ya damu hushuka upesi na kurudi upesi, ndani ya wiki chache. Iliyo kwenye chembe nyekundu hurudi taratibu, kama asilimia 1 kwa siku, kwa kuwa inasubiri chembe mpya zizaliwe, na chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Kwa baba yako, wiki mbili baadaye, ya chembe nyekundu ndiyo ingesema kitu. Ya majimaji inaweza kuwa imeshapanda, tena hushuka pia kwa ugonjwa wa ini, utapiamlo, na kwa watu waliozaliwa nayo kidogo.

Na hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Kiwango cha kawaida cha kimeng'enya hiki kina upana mkubwa kati ya mtu na mtu. Mzee aliyekuwa juu kabisa akipoteza theluthi nzima anaweza bado kusomeka "kawaida." Usipojua alikuwa wapi kabla ya kupulizia, namba ya leo ni nusu ya jibu. Tena damu hiyo lazima ikae kwenye baridi tangu inapochotwa, maana dawa iliyomo inaendelea kukifunga kimeng'enya ndani ya mrija. Mrija uliosafiri juani kwenye gari kutoka shambani hadi mjini unasoma habari za safari kuliko za mgonjwa.

Kuna jambo moja ambapo wazee wa kijijini wamegusa ukweli bila kukusudia. Baadhi ya oganofosfeti zinaweza, wiki moja hadi tatu baada ya tukio, kuharibu mishipa mirefu ya fahamu inayoelekea miguuni. Lakini tazama tofauti: hilo huanza miguu yote miwili, kwa misuli kukaza, ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo, kisha udhaifu, mtu anaburuta vidole. Halivimbishi. Mwombe mzee ainuke taratibu, ashikwe, ajaribu kusimama kwa visigino tu. Akiweza kwa miguu yote, vizuri. Vidole vikianguka, mwambie daktari, na rejea ya hospitali ya KCMC pale Moshi kwa uchunguzi wa mishipa ya fahamu itakuwa ya lazima. Nako ni kwa baadaye, baada ya vena.

Umeniuliza pia pembeni kuhusu maji ya Ngarenanyuki. Ni kweli yana floraidi nyingi, juu ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo. Floraidi hutia meno madoa na kupinda mifupa kwa miaka. Haivimbishi mguu mmoja ndani ya siku mbili.

Donge likithibitika, mtapewa dawa za kuzuia kuganda kwa miezi isiyopungua mitatu. Zikiwa wafarini, kipimo cha kuganda kwa damu kiitwacho INR kitafuatwa mara kwa mara kikae kati ya 2 na 3. Mchicha na sukuma aendelee kula, ila kiasi kilekile kila wiki, na asitumie dawa za maumivu kama diklofenaki bila kuuliza.

Mkishavuka hilo, nina ombi kwa ajili ya msimu ujao, akisisitiza kurudi shambani. Apimwe kolinesterasi ya chembe nyekundu akiwa hajagusa dawa hizo kwa siku 30 au zaidi, mara mbili, zikipishana kati ya siku 3 na 14, na wastani wake uwe ndio kiwango chake yeye. Huko California wamekuwa wakiwafuatilia wapuliziaji hivyo tangu mwaka 1974: kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake, kazi inakaguliwa, kikifika asilimia 70 au chini, mtu anaondolewa kwenye dawa hadi kirudi 80. Ulizeni maabara kubwa za Arusha na Moshi ni ipi inayokipima na inapokea damu siku zipi. Namba hizo mbili ziandikwe na tarehe, karatasi moja akae nayo mzee, nyingine utunze wewe Usa River.